Divai nyekundu ya bonde la Ahr: ni baridi, ni mawe, au ni mkono wa mtu?

#1 Mvunaji wa Bonn

Wakuu salaam. Nasoma hapa Bonn, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa. Kila Septemba na Oktoba, wikendi, napanda treni kwenda bonde la Ahr, kusini kidogo ya hapa, kuvuna zabibu kwenye shamba la familia moja. Wanalima wenyewe, wanakamua wenyewe, wanajaza chupa wenyewe. Kwenye lebo wanaandika *Gutsabfüllung*, yaani divai imetoka mikononi mwao tangu shina hadi kizibo. Zabibu yao kuu ni Spätburgunder, ndiyo ile ile Wafaransa wanaiita Pinot Noir.

Bonde lenyewe liko latitudo ya 50 kaskazini, mbali sana kwa zabibu nyekundu. Miteremko ni mikali, unavuna mguu mmoja juu mwingine chini, na asubuhi vidole vinakufa ganzi mpaka mkasi unaanguka.

Sasa swali langu. Likizo iliyopita nilimpelekea mjomba wangu Dodoma chupa moja. Mjomba amekunywa divai ya Dodoma tangu ujana wake. Akainua glasi, akaona vidole vyake upande wa pili. Akasema, "Mpwa wangu, hii wameichanganya na maji." Akanywa, akanyamaza. Asubuhi yake tukiwa tunakunywa chai akaniambia, "Ile divai yako ni nyepesi, lakini nimelala nayo mdomoni."

Nilimjibu kwamba ni baridi. Zabibu inaiva polepole, ganda linakuwa jembamba, rangi inapungua, harufu inabaki. Mjomba akakataa. Akasema hata Dodoma Juni na Julai usiku watu wanajifunika mablanketi na divai haiwi hivyo. Wenye ujuzi, ni nini hasa?

#2 Mkemia wa Moro

Karibu mkuu. Nianze na kusahihisha: baridi haifanyi ganda kuwa jembamba. Pinot Noir ina ganda jembamba kwa asili yake, hata ukiipanda Hombolo kule Dodoma, na rangi iliyomo kwenye ganda hilo ni kidogo ukilinganisha na Syrah au Cabernet Sauvignon. Mjomba kuona vidole vyake ni habari ya aina ya zabibu.

Kazi ya baridi iko kwenye uchachu. Ndani ya zabibu kuna asidi mbili kubwa, ya tatariki na ya maliki. Hiyo ya maliki ndiyo inayokukunja uso ukiuma tofaa bichi. Zabibu inapoiva huichoma asidi ya maliki ili iishi, na joto likipanda huichoma haraka zaidi. Kwenye joto sukari inajaa upesi na uchachu unakimbia, kwa hiyo unalazimika kuvuna kabla harufu haijakomaa. Kwenye baridi vitu hivyo vinapata muda wa kufika pamoja. Ndiyo maana divai ya mjomba ilibaki mdomoni: uchachu unaita mate, mate yanabeba harufu.

#3 Zabibu Hombolo

Mimi ni mkulima wa Hombolo, ekari mbili na nusu, zabibu za aina ya Makutupora nyekundu na Syrah kidogo. Mjomba ana haki ya kukataa. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu ya Agosti imekulia kwenye baridi hiyo ya Juni na Julai, na kweli ina ugwadu kuliko ya Machi, tena haina maji mengi. Lakini divai yake bado ni divai ya Dodoma.

Mimi naona tofauti ni usingizi. Mzabibu wa Ulaya unalala. Majani yote chini, miezi mitano hauna habari na dunia. Wangu haulali. Nikipogoa leo, baada ya wiki mbili umechipua. Mti unaozaa bila kupumzika utakupa matunda, lakini usiutegemee ukupe kila kitu.

#4 Wa Naivasha

Wadau habari zenu. Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kuna mizabibu inayotoa divai ya Leleshwa. Usiku baridi ipo, hakuna mtu wa kunidanganya hapo. Na mizabibu haipati usingizi wa Ulaya, kama alivyosema Zabibu Hombolo.

Lakini mmesahau mwanga. Bonn mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Sisi tulio jirani na ikweta tunapata saa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna siku inayozidi. Jani la Ahr linafanya kazi zamu ndefu kwenye ubaridi, jani letu linafanya zamu fupi kwenye jua kali. Hilo nalo mkalipime.

#5 Mzee Pipa

Vijana mnazungumza kana kwamba divai inajitengeneza shambani. Nimefanya kazi miaka sita kwenye chumba cha divai Western Cape, Afrika Kusini, bonde la Hemel-en-Aarde nyuma ya mji wa Hermanus. Kule ni latitudo ya 34 tu, si mbali kama Ahr, baridi inaletwa na upepo wa bahari. Pinot Noir wanayo, na mapema tu: Tim Hamilton Russell alinunua ardhi kule mwaka 1975. Nimeona mashamba mawili yanayopakana, zabibu moja, wiki moja ya mavuno, na divai mbili ambazo huwezi kusema ni ndugu. Kilichotofautiana ni watu.

Mvunaji, kabla hatujaenda mbali tueleze. Hao jamaa zako wanatoa vikonyo au wanatia kichala kizima? Maganda yanakaa siku ngapi? Pipa jipya au la zamani? Bila hayo tunapiga ramli.

#6 Binti Karafuu

Nipo nafuatilia. Sinywi, ila nina swali, nitarudi.

#7 Mvunaji wa Bonn

Shikamoo Mzee Pipa. Mkemia asante, hilo la ganda nimelipokea.

Nieleze nilivyoona kwa macho yangu. Tukivuna, kazi ya kwanza ni kuchagua. Pinot Noir vichala vyake vimebanana sana, punje zinasukumana, mvua ikinyesha mwishoni ukungu unaanzia katikati usikoona. Kwa hiyo unakifungua kichala kwa vidole, unanusa. Kikinuka siki, chini. Siku ya kwanza nilitupa vichache mno, na yule bibi mwenye shamba akaja kupekua kreti yangu yote, kimoja kimoja, bila kugomba. Tangu hapo nanusa kila kimoja.

Mzee mwenyewe anapima sukari kwa kile kidarubini kidogo cha mkononi. Mwaka juzi ilisoma 92 kwa kipimo chao cha Oechsle. Kwa Brix, kipimo kingine cha sukari, ni kama 22, yaani ikichachuka yote inakupa kileo cha asilimia 12 na nusu hivi.

Sehemu kubwa wanaivua vikonyo, robo wanaiacha vichala vizima. Wanaitia kwenye matangi yaliyo wazi juu, wanaipoza siku nne au tano isianze kuchachuka, rangi na harufu zitoke kwenye maganda taratibu. Kisha wanaiacha ipate joto. Hapo chachu inaamka na chumba kizima kinanuka kama mkate na matunda yaliyopondeka. Maganda yanapanda juu yanakuwa kofia nene. Mara mbili au tatu kwa siku unaisukuma kofia ichovye chini kwa mti wenye sahani mwishoni. Ni kazi ya mabega. Ukichelewa kofia inakauka na kuanza kugeuka siki.

Na kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Divai ikichachuka inatoa hewa ya kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini na juu ya tangi, huioni. Mzee ana kifaa cha kupima hewa kiunoni, na hakuna anayeingia mle peke yake. Aliniambia zamani waliingia na mshumaa, ukizimika, unatoka. Sheria yake ni moja: usiinamishe kichwa ndani ya tangi hata kama umeangusha simu.

Baada ya wiki mbili na siku kidogo wanafungulia bomba, inayotoka yenyewe inakwenda peke yake. Maganda yaliyobaki yanakwenda kwenye kikamuo, hiyo ya pili ina ukakasi zaidi. Kwa sisi ni kama tui la kwanza na tui la pili. Kisha mapipa ya mwaloni, mengi ya zamani, machache mapya, karibu mwaka na nusu.

#8 Mzee Pipa

Marahaba. Sasa umesema. Robo ya vichala vizima, hapo ndipo mjomba alipolala nayo mdomoni. Kikonyo kikiiva vizuri kinatoa harufu ya majani makavu na viungo, na ukakasi wake ni laini. Kikiwa kibichi kinaharibu kila kitu. Huyo mzee wa Ahr anajua anachofanya. Mimi namaliza hapo: ni mkono.

#9 Binti Karafuu

Nimerudi. Kwetu Pemba, karafuu ndiyo iliyotusomesha. Nimesoma lebo ya divai kwenye duka la uwanja wa ndege, imeandikwa ina harufu ya karafuu na pilipili manga. Nilikasirika kidogo, maana nilijua hawakutia hata punje moja. Je, ni maneno ya kuuzia tu?

#10 Mkemia wa Moro

Dada, swali zuri kuliko yote humu. Si uongo. Karafuu inanukia hivyo kwa sababu ya kitu kinachoitwa yujenoli. Mbao za mwaloni zikichomwa moto kutengenezea pipa zinatoa yujenoli hiyo hiyo, na divai inainyonya. Pua haitofautishi imetoka Pemba au imetoka kwenye mbao.

Pilipili manga nayo ina kitu chake, rotundoni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walikitambua ndani ya zabibu za Shiraz, yaani Syrah, na ndicho hicho hicho kilicho kwenye pilipili manga. Na hapa ndipo baridi inaporudi kwenye mjadala: kinapatikana kwa wingi zaidi kwenye mashamba ya baridi. Tena karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kabisa kukinusa. Watu wawili wanaweza kunywa chupa moja, mmoja akaapa pilipili ipo, mwingine akaapa haipo, na wote ni wakweli.

#11 Zabibu Hombolo

Mkemia, hiyo ya mmoja kati ya watano imenisaidia nyumbani. Mke wangu kila mara anasema Syrah yetu ya Agosti ina pilipili. Mimi sijawahi kuisikia hata siku moja. Miaka minne namwambia ni mawazo yake. Leo nimemwomba radhi.

#12 Wa Naivasha

Hahaha mkulima, uzi umeokoa ndoa.

#13 Jiwe la Mkwatani

Mimi ni mtu wa miamba, niruhusuni. Bonde la Ahr lina sleti nyingi, mawe yale meusi yanayopasuka bapa bapa, yaliyotumika zamani kutengenezea vibao vya kuandikia shuleni. Wauzaji wa divai wanapenda kusema "ladha ya sleti". Jamani, mzizi haunyonyi ladha ya jiwe. Unanyonya maji na chumvichumvi kidogo sana, na jiwe halina harufu ya kupita kwenye mzizi.

Lakini msiliondoe jiwe kwenye kesi. Sleti nyeusi inameza jua mchana na kulirudisha usiku. Maji hayatuami juu yake. Mteremko unaotazama kusini unapigwa na jua kwa pembe nzuri kuliko shamba la tambarare. Bila mawe hayo na mteremko huo, zabibu nyekundu kwa latitudo hiyo zingeiva kwa shida. Kwa hiyo swali la "baridi au mawe" limekaa vibaya tangu kwenye kichwa cha uzi: mawe ndiyo yanayoipunguza baridi.

#14 Mvunaji wa Bonn

Jiwe, nakuelewa, lakini nina kisa kinanisumbua. Familia hii ina vipande viwili, kimoja sleti tupu, kingine chini karibu na mto, udongo mzito zaidi. Zabibu ile ile, mapipa yale yale, mzee yule yule (Mzee Pipa usome hapa). Walinipa glasi mbili bila kuniambia. Ya kwanza ilikuwa na harufu ya zambarau zilizoiva na ile harufu ya vumbi mvua ya kwanza inapopiga. Ya pili ilikuwa nono, tamu ya matunda, lakini ile ya vumbi haipo. Nilizitofautisha mara tatu kati ya tatu. Kama si jiwe, nimenusa nini?

#15 Jiwe la Mkwatani

Umenusa zabibu zilizoiva tofauti. Kipande cha juu kina maji kidogo, punje ndogo, maganda mengi kwa juisi chache. Cha chini kina maji, punje kubwa. Jiwe limefanya kazi, ila halikuingia kwenye chupa.

#16 Mvunaji wa Bonn

Maelezo nayapokea. Pua yangu bado haijayapokea.

#17 Kijana wa Mtaa wa Pili

Wakuu, mimi kuna jamaa aliniambia Wazungu wa nchi za baridi wanatia SUKARI kwenye divai. Halafu wanatuambia ya Dodoma ndiyo ya sukari. Ni kweli au chai?

#18 Mkemia wa Moro

Kweli, ila elewa inavyofanyika. Sukari inatiwa kabla ya kuchachuka au ikiwa inaendelea, na chachu inaila yote ikawa kileo. Divai haiwi tamu, inakuwa na nguvu. Njia hiyo inabeba jina la Mfaransa Jean-Antoine Chaptal. Ujerumani sheria inaruhusu kwa kiwango kwa divai za daraja la *Qualitätswein*, na inakataza kabisa kwa daraja la *Prädikatswein*. Nchi za joto hazina shida ya sukari, shida yao ni uchachu, kwa hiyo huko wanaongeza asidi ya tatariki. Kila mmoja anaongeza alichonyimwa na hewa yake.

#19 Mvunaji wa Bonn

Mzee wa shamba alinisimulia kwamba baba yake alitia sukari karibu kila mwaka. Yeye siku hizi hatii, jua linatosha, na mavuno yamesogea mapema. Alisema hivyo akiwa na wasiwasi. Anaogopa mjukuu wake atalima kitu kingine pale.

#20 Mwanafunzi wa Siki

Mkemia, nina pingamizi na bandiko lako #2 na nimelikaa nalo tangu jana. Umesema baridi inatunza asidi ya maliki. Lakini divai nyekundu karibu zote baadaye zinapitia bakteria wanaoigeuza asidi ya maliki kuwa asidi ya maziwa, ile ya kwenye mtindi. Kama maliki yote inageuzwa pipani, baridi ilitunza nini?

#21 Mkemia wa Moro

Umenishika pazuri. Kweli, maliki inageuzwa, na uchachu unalainika. Ninachojibu ni kwamba asidi ya tatariki inabaki, bakteria hawaigusi kwa kawaida, na juisi iliyoanza na uchachu mwingi inamaliza ikiwa hai kuliko iliyoanza bapa. Lakini nakubali bandiko #2 lilirahisisha mno. Maliki peke yake haimwelezi mjomba.

#22 Mzee Pipa

Nawaambia.

#23 Mvunaji wa Bonn

Mageuzi hayo nimeyasikia kwa masikio. Machi, chumba kikianza kupata joto, ukiweka sikio kwenye tundu la pipa unasikia kitu kinachemka kwa mbali sana, kama mchele uliofunikwa jikoni kwa jirani. Ukionja kabla, inakukunja uso. Ukionja wiki chache baadaye, imetulia.

#24 Mwalimu wa Zamani

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mnaandika divai, na Wakenya wengi wanasema mvinyo. Mvinyo imetoka kwa Wareno, *vinho*, na divai imetoka Kifaransa, *du vin*. Sisi Bara tukisema mvinyo wengine wanafikiria kinywaji kikali. Nani yuko sahihi?

#25 Wa Naivasha

Mwalimu, wote wako sahihi, kila mmoja na mgeni wake. Ukisema divai huku watu wanafikiria kanisa.

#26 Mwalimu wa Zamani

Hata Dodoma mizabibu imekuja na kanisa, wamisionari wa Bihawana. Basi maneno yamekutana.

#27 Mkaazi wa Köln

Mmezungumza Ahr kurasa mbili na hakuna aliyetaja mafuriko. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021 mto Ahr, ambao siku za kawaida unauvuka ukiwa umekunja suruali, ulipanda ukabeba nyumba. Bonde lile peke yake walikufa watu zaidi ya 130. Nilikwenda wiki iliyofuata na majembe pamoja na wenzangu wa msikitini na wa kanisani, tulikuwa kwenye basi moja. Tulitoa matope kwenye chumba cha chini cha mama mmoja mpaka jioni, na yeye akawa anatuletea kahawa kutoka kwa jirani kwa sababu jiko lake halikuwepo tena.

Chupa za divai zilikuwa zimelala kwenye matope, vizibo vizima. Wenyeji waliziuza vivyo hivyo, na matope yake, wakaziita *Flutwein*, divai ya mafuriko, na zilichangisha mamilioni ya euro. Mimi ninayo moja. Sijaiosha na sitaifungua.

#28 Mvunaji wa Bonn

Asante kaka kwa kukumbusha. Ninakovuna waliokoka kwa sababu chumba chao kiko juu kidogo. Kuna mapipa mawili yaliyoelea usiku ule, yakagonga dari, yakashuka maji yalipopungua, bila kuvuja. Hawasemi yalikuwa na ladha gani. Walikunywa wenyewe.

#29 Binti Karafuu

Poleni wote.

#30 Zabibu Hombolo

Nimelala nikiufikiria uzi huu. Mvunaji, nataka kurudi kwenye neno ulilolitaja mwanzo na sote tukalipita: wanalima wenyewe, wanajaza wenyewe. Je, wanakata vichala vibichi? Nimewahi kusikia.

#31 Mvunaji wa Bonn

Ndiyo. Julai mwishoni na Agosti wanapita kila shina, wanakata karibu nusu ya vichala na kuviacha chini vioze. Mara ya kwanza roho iliniuma. Mzee akasema vilivyobaki ndivyo vitakavyoiva kabla ya Oktoba, vyote haviwezi.

#32 Zabibu Hombolo

Basi jibu langu nimelipata, na si baridi, si jiwe, wala mkono wa mpishi wa divai. Mimi nauza kwa kilo. Mnunuzi anakuja na mzani, haji na glasi. Nikikata nusu ya vichala nimekata nusu ya ada ya watoto. Namwagilia mpaka karibu na mavuno ili punje zijae, kwa sababu maji nayo yanapimwa kwenye mzani. Huyo mzee wa Ahr anakata kwa sababu ladha iliyobaki ni yake mwenyewe na ataiuza kwa bei yake. Tupeni sisi wakulima nafasi ya kuonja kile tunachokipima, muone kama Dodoma haitamlaza mtu na divai mdomoni.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Nasema kwa sababu kila tukikaa kuongelea ladha, mkulima anatajwa kama udongo.

#33 Mzee Pipa

Ndugu yangu wa Hombolo, nimekusoma mara mbili. Mkono niliousema mimi ulikuwa wa pipani tu. Naongeza na wako. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy kule Ufaransa, Philip the Bold, alipiga marufuku zabibu ya Gamay iliyozaa sana ili watu wabaki na Pinot Noir isiyozaa sana. Ugomvi wa kilo na ladha ni wa siku nyingi.

#34 Mkemia wa Moro

Nakubali uchumi, lakini mkulima ukikata vichala kwenye joto la Dodoma sukari itakimbia zaidi na uchachu utaanguka zaidi. Kilichofaa Ahr kinaweza kuharibu Hombolo. Kwenye joto pengine unataka vichala vingi vikawie.

#35 Wa Naivasha

Au majani mengi yafunike. Nyie mnavua majani ili jua liingie, sisi tunahitaji kivuli.

#36 Mvunaji wa Bonn

Kweli, Ahr wanavua majani upande wa jua la asubuhi tu. Na Mkemia, nilisahau kukuambia: mjomba aliinywa saa nane mchana, chupa imetoka kwenye begi moja kwa moja. Hapa Ahr wanaitoa nyuzi 14 hadi 16. Sijui kama ingekuwa imepozwa ingemlaza au ingemkesha.

#37 Mzee Pipa

Nyuzi 16 na glasi yenye tumbo, usijaze zaidi ya theluthi. Mnuse kwanza bila kuitikisa. Halafu itikiseni, nuseni tena. Mkimeza, hesabuni mpaka harufu iishe. Kama mjomba alihesabu mpaka asubuhi, hiyo ni rekodi.

#38 Zabibu Hombolo

Nimeamua. Mistari miwili ya Syrah, msimu huu wa Agosti. Mmoja nitakata nusu ya vichala, mmoja nitaacha vyote lakini nitasimamisha maji mapema. Mistari mingine kama kawaida. Nina pipa la plastiki la lita 60 kwa kila mmoja, nitakamua mwenyewe. Mke wangu ndiye ataonja pilipili kwa kuwa mimi pua yangu haiwezi. Niambieni tu, nikate lini? Kabla punje hazijabadilika rangi au baada?

#39 Mvunaji wa Bonn

Zinapoanza kubadilika. Vile vilivyochelewa kugeuka vinaonekana kwa macho, hivyo ndivyo vya kukata. Na pipa la plastiki usilifunike kwa kukaza, hewa ipate pa kutokea. Na usiinamishe kichwa.

#40 Binti Karafuu

Mkulima, ukianza tuwekee picha. Nami nitakuwepo.